Kioo Kionacho Pande Zote

Watu watuonao tukipiga picha katika arusi na sikukuu hutuuliza mara nyingi juu ya kioo kimoja tulicho nacho mfukoni, kifupi, kizito, chenye uso uliofura mbele kama jicho la chura. Watoto hukisogelea, wakajiona humo wadogo sana pamoja na nyumba nzima na mbingu juu yao, wakacheka. Wazee huuliza neno moja tu: "Kazi yake nini?" Leo twataka kuwajibu wazee hao. Jibu si fupi, na siku moja lilimgusa ndugu yetu aliyetaka kununua ardhi kwa fedha ya jasho lake.

Sisi ni ndugu wawili, na kazi ya picha tuliianza mjini Bukavu, mji wa miinuko juu ya ziwa Kivu. Kioo chenyewe huitwa jicho la samaki. Jina hilo halikutungwa na wavuvi wa Kivu, ingawa wangestahili kulitunga. Lilitolewa mwaka 1906 na mtaalamu wa Marekani, Robert W. Wood, mwalimu wa elimu ya nuru katika chuo kikuu cha Johns Hopkins. Alitaka kujua samaki aliye chini ya maji huona nini akitazama juu. Kumbe sambaza wetu haoni mbingu iliyotandazwa kama tuionavyo sisi. Nuru iingiapo majini hupindika. Basi mbingu yote, tangu milima ya ng'ambo hii hata milima ya ng'ambo ile, hukusanyika juu yake katika dirisha moja la mviringo, lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Nje ya dirisha hilo haoni mbingu tena, ila sura ya mambo ya chini yakirudishwa na uso wa maji kama katika kioo cha kujitazamia. Wood akatengeneza kamera iliyojaa maji, akapiga picha kama samaki aonavyo.

Baada yake Mwingereza Robin Hill aliyaacha maji, akaweka mahali pake lenzi iliyofura. Mwaka 1924 alieleza jinsi lenzi hiyo iwezavyo kupiga mbingu nzima kwa mara moja, ili wachunguzi wa hali ya hewa wapate mawingu yote katika picha moja. Tulipendezwa kusoma kwamba huyo Hill kazi yake hasa ilikuwa elimu ya majani, yaani namna mmea utumiavyo nuru ya jua. Na mwaka 1959 wataalamu wawili wa mimea wa Uingereza, Evans na Coombe, walieleza jinsi walivyopiga picha za namna hiyo chini ya miti, jicho likitazama juu, wapate kupima nuru ipenyayo kati ya majani. Wachunguzi wa misitu wafanya hivyo hata leo. Wapiga picha wa kawaida walingoja mpaka mwaka 1962, ndipo kampuni ya Nikon ya Ujapani ilipotoa jicho la samaki la milimeta 8 liwezalo kuvikwa na kuvuliwa katika kamera yao. Nalo lilizama ndani ya kamera mno hata ikabidi kioo cha ndani kiinuliwe kwanza, na mpiga picha asione tena kitu kwa njia ya lenzi yake.

Sasa, kwa nini kioo hiki hupinda vitu? Wengi hudhani ni ubovu wa kiwanda. Sivyo. Lenzi ya kawaida huahidi jambo moja: kila mstari ulionyooka duniani utanyooka na katika picha. Lakini ahadi hiyo ina bei yake. Kadiri utakavyo kuona pembeni zaidi, ndivyo picha ihitajivyo kupanuka zaidi. Na ukitaka kuona nyuzi 180, yaani tangu bega lako la kuume hata la kushoto, picha ingehitaji kuwa pana pasipo mwisho. Menya chungwa, kisha ujaribu kulilaza ganda lake juu ya meza: litapasuka, ama utalivuta. Jicho la samaki limechagua kupinda mahali pa kupasua. Hata hivyo haipindi mistari yote. Mstari upitao katikati kabisa ya picha hubaki umenyooka, uwe wa kusimama au wa kulala. Ile isiyopita katikati hujikunja kwa nje kama pipa, na iliyo ukingoni hujikunja kuliko yote.

Lenzi yetu ilitengenezwa na kampuni ya Samyang ya Korea ya Kusini, nayo ni ya milimeta 8. Haina mota ya kujitafutia umbali, wala haina njia ya kusemezana na kamera. Ukiivika, kamera nyingine hudhani zimeachwa wazi bila lenzi, zikakataa kupiga, mpaka utafute katika orodha ya amri zake mahali pa kuiruhusu ipige hata pasipo lenzi. Fundi mmoja kijana alituuzia kwa bei nafuu kwa sababu hiyo tu: aliiona imekufa. Ina pete mbili, moja ya umbali na moja ya tundu la nuru, na mwenye kuishika ndiye afanyaye yote.

Watu huogopa neno hilo, "yote". Twawaambia msiogope. Lenzi fupi namna hii ina neema kubwa: karibu kila kitu chaonekana safi kwa pamoja. Tukiliweka tundu katika namba 8 na pete ya umbali penye sentimeta 40, basi tangu sentimeta 20 mbele ya kioo hata milima ya mbali, vyote viko safi. Sisi tuliigeuza pete, tukaifunga kwa utepe isiguswe, na tangu siku hiyo hatuna haja ya kuitazama tena ila usiku. (Alama za umbali zilizochorwa juu ya pete zisisadikiwe upesi. Nyingine hazisemi kweli. Pigeni kwanza picha ya kujaribu, mkaitazame kwa ukubwa.) Shida yake hasa iko kwingine. Kwa kuwa kioo kimefura, hakivikwi kioo cha rangi mbele yake. Na kwa kuwa chaona pande zote, jua lenyewe mara nyingi limo ndani ya picha, na kivuli cha mpiga picha pia, na ncha za viatu vyake, na kidole chake asipokikunja. Taa ya kamera nayo haifai kitu: huangaza katikati tu, pembeni ikaacha giza.

Kwa picha zinazotembea, lenzi isiyojiendesha imetusaidia kuliko tulivyotumaini. Mwaka 2017 wavuvi wa sambaza walitukubalia kwenda nao usiku. Anayewajua wavuvi wa Kivu ajua chombo chao: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji kuwavuta samaki, na watu wakipiga kasia kwa wimbo. Lenzi ya kawaida huonyesha mtumbwi mmoja, au taa moja, au mgongo wa mtu mmoja. Sisi tuliketi katika mtumbwi wa katikati, tukafungua tundu lote mpaka 3.5, tukaipeleka pete penye sentimeta 90, na mitumbwi yote mitatu ikaingia pamoja na miti yake, nyavu, na taa pande mbili. Wenzetu wenye lenzi zijiendeshazo hutuambia kwamba gizani lenzi zao huenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia, kama mtu apapasaye mlango. Yetu haikupapasa, maana haijui kutafuta.

Ila chombo hucheza juu ya maji, na hapo twaliona jambo ambalo picha iliyotulia haikutufundisha. Ukiinamisha kamera kidogo, ukingo wa ziwa hupanda juu ya katikati ya picha ukajikunja kama mgongo wa kilima. Ukiiinua, ukingo hushuka, ukawa kama bakuli. Basi katika filimu ile ya kwanza, kila wimbi lilipotuinua na kutushusha, ziwa lote lilijaa na kutumbukia, likajaa na kutumbukia. Shangazi yetu alipoitazama alifunga macho, akasema tuizime kwanza ale chakula chake. Dawa ni moja: mstari wa ziwa ukatwe katikati ya picha, na mikono ishike kamera kama mtu abebaye maji kichwani. Huyo shangazi tutamtaja tena.

Mwaka 2018 shangazi alitujia na neno zito. Mwanawe, ambaye sisi twamwita kaka, alikuwa Brussels, huko Ubelgiji, akifanya kazi ya kuwahudumia wazee. Alikuwa ameweka akiba miaka sita ili anunue kiwanja, parseli kama tusemavyo mjini, asije akarudi kwao kama mgeni. Dalali alikuwa amepata kimoja, si mbali na nyumba ya shangazi. Mama huyo moyo wake ulikuwa umekwisha kuhamia pale. Alijua hata mahali atakapopanda migomba. Kaka alitaka picha kabla ya kutuma fedha.

Tulipofika tuliona kwa nini picha za simu alizotuma dalali hazikumtosha. Kiwanja kilikuwa mtelemkoni, meta 12 kwa 15, na nyuma yetu ukuta wa jirani. Hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma hata hatua mbili. Picha za dalali zilionyesha udongo mwekundu, kona ya jengo, na ziwa zuri kwa mbali. Hazikuonyesha korongo. Korongo hilo lilikuwa limechimbwa na maji ya mvua, nalo lilipita upande wa pili wa kiwanja, hatua nne tu toka mpakani. Ajuaye milima ya Bukavu na mvua zake hahitaji kuambiwa maana yake.

Tukavika jicho la samaki, tukasimama penye kona, tukapiga. Kila kitu kikaingia: mipaka yote minne, ukuta wa jirani, njia, ziwa, na korongo pia. Hii ndiyo sifa ya kioo hiki, hakiwezi kuficha kitu kilicho mbele yake. Dalali akaja kutazama katika kioo cha kamera. Tulidhani atakasirika. Akafurahi mno! "Hii ndiyo mumtumie," akasema, "hii peke yake."

Tukaitazama tena, tukaelewa furaha yake. Kiwanja cha meta 12 kilionekana kama uwanja wa mpira. Na korongo, ambalo mtu angeanguka ndani yake akavunjika, lilionekana kama mkunjo wa nguo. Hapo twaomba wasomaji watuvumilie kwa hesabu kidogo. Mtu wa meta 1.70 akisimama mbali kwa meta 12, lenzi ya milimeta 50 katika kamera kama yetu humpa karibu nusu ya kimo cha picha. Jicho la samaki la milimeta 8 humpa sehemu moja ya kumi na nne. Mtu ni yule yule, na meta ni zile zile. Kioo hiki hakifichi, bali hudogosha; na kilichodogoshwa hakimpigii mtu kelele kama kilichokosekana. Picha ya dalali, kwa kuwa ilikuwa imekatwa, ilimfanya kaka aulize maswali. Picha yetu ingemfanya aache kuuliza.

Ndipo tukamwita mdogo wake, kijana mrefu wa miaka kumi na tisa, tukamwomba ashuke korongoni. Alishuka. Nywele tu zilibaki juu. Tukapiga tena kutoka kona ile ile kwa jicho la samaki; kisha tukavika lenzi ya kawaida, tukapiga picha tatu za kupokezana toka kushoto hata kulia, kijana akiwa bado ndani, na kamba ya kupimia ikiwa imelazwa toka mpaka hata ukingo wa korongo. Dalali alitupa maneno ambayo hayafai kupigwa chapa. Tulituma picha zote tano, na hatukuandika neno juu yake.

Usiku kaka alitupigia simu.

"Huyo mtoto amekaa au amesimama?"

"Amesimama."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Ana kimo gani siku hizi?"

"Amekupita wewe."

Hakutuma fedha. Shangazi hakutulaumu mbele ya watu, kwa maana ni mama mwenye heshima, lakini alipotukuta peke yetu alisema, "Wanangu, mlitumwa kupiga picha ya kiwanja, ninyi mkapiga picha ya shimo." Tulimwambia kwamba shimo nalo lilikuwapo. Akajibu kwamba hata mauti ipo, lakini mtu haipigi picha akampelekea mwanawe. Tangu siku hiyo, kwa miezi mingi, chai ya nyumbani kwake ilikuwa na sukari kidogo.

Nasi twapaswa kusema kweli nzima, isije hadithi yetu ikanyooshwa kuliko ilivyokuwa. Kiwanja kile kilinunuliwa na mtu mwingine. Alijenga kwanza ukuta wa mawe upande wa korongo, kisha nyumba. Na tulipopita pale mwaka 2020 nyumba ilikuwa imesimama, ina mapazia madirishani. Shangazi alituonyesha kwa kidole, asiseme neno. Hatukuwa na la kumjibu, wala hatukulitafuta. Ukuta wa mawe una gharama yake, na kaka alikuwa na fedha ya kiwanja tu. Kama angekuwa na ya ukuta pia, labda angenunua huku akijua. Naye alikuwa na haki ya kujua kimo cha mdogo wake ndani ya shimo kabla ya kuamua.

Mwaka uliofuata binti wa shangazi alitolewa mahari. Sebule ya shangazi ni meta 4 kwa 5, na waliohesabiwa kuingia walikuwa watu 23, wakwe na wenyeji, pamoja na viti, makreti ya soda, na kabati lisiloweza kuhamishwa kwa sababu ya vyombo. Shangazi alituita mwenyewe. "Leteni lile jicho lenu," alisema, "lakini mimi msinitie pembeni." Alikuwa amejifunza kazi yetu kuliko wanafunzi wengi.

Katika chumba kama hicho jicho la samaki liko nyumbani mwake. Hakuna lenzi nyingine iwezayo kukusanya watu 23 na kuta tatu toka mlangoni. Lakini yakupasa kujua unamweka nani wapi. Lenzi yetu ina tabia njema kidogo kuliko wenzake: uso ulio ukingoni hukua, lakini haubanwi kama unga mkononi, jambo liwapatalo watu katika lenzi nyingi za jamii hii. Hata hivyo hukua. Basi wazee tukawaketisha katikati, baba mkwe na shangazi wakiwa karibu sana na ule mstari wa kusimama usiopindika. Kamera tukaishusha mpaka kimo cha macho yao, ili wasitazamwe toka juu kama watoto. Vijana wenye mabega mapana tukawasimamisha pembeni, hatua nzima mbali na kioo, tukawakataza kunyoosha mikono mbele, maana mkono unyooshwao kuelekea jicho la samaki hurudi ukiwa mkubwa kama kasia. Mwenye kabati alihuzunika kuona kabati lake limejikunja kama ndizi. Tulimwambia kabati halina jamaa watakaouliza.

Tulifungua mlango na madirisha yote kwa ajili ya nuru, tukapiga mara nne, kisha tukaacha kamera penye kiti cha mguu mmoja ichukue filimu wakati mahari ilipokuwa ikihesabiwa. Haikuguswa, haikutafuta umbali, haikumsumbua mtu. Wakwe waliisahau, na ndiyo sababu filimu ile ina vicheko vyao vya kweli.

Shangazi alitaka picha ifike Brussels jioni ile ile. Kaka aliipanua katika simu yake, akaanza kuwahesabu watu kwa sauti, jina kwa jina, toka kushoto. Alipofika mwisho akasema wako 22. Shangazi akasisitiza 23. Akahesabu tena, 22. Tukaisogeza picha mpaka ukingo wa chini, pale ambapo lenzi nyingine isingefika, na chini ya meza, kati ya makreti, zikaonekana nyayo mbili ndogo zisizo na viatu. Alikuwa mtoto wa jirani, ameingia kutafuta vifuniko vya chupa.